Nchi ya maziwa na asali, mbona ni mawe na vumbi?

*“Shikamoo mwalimu. Nafundisha vijana wa kipaimara katika usharika wetu hapa Korogwe. Juzi tulikuwa kwenye Kutoka sura ya 3, kijana mmoja akaniuliza: kama Kanaani ilikuwa nchi ijaayo maziwa na asali, mbona video zote za Nchi Takatifu zinaonyesha mawe matupu na vumbi? Nikamjibu kwamba zamani ilikuwa ya kijani, ikageuka jangwa kwa sababu ya dhambi. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi. Mwingine akasema yule mtu wa mfano wa Msamaria Mwema ‘alishuka’ kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, ilhali kwenye ramani yetu ya ukutani Yeriko iko juu ya Yerusalemu, kwa hiyo alipanda. Darasa zima likacheka. Nimekuwa nikiwafundisha pia kwamba Waisraeli walikuwa na masika na vuli kama sisi, na kwamba Bonde la Ufa letu linaanzia Yordani. Niko sahihi? Halafu mwezi wa pili usharika unapeleka kundi la mahujaji, wengi ni watu wazima. Niwaambie wajiandae vipi?”*

Marahaba, mwalimu. Vijana wako wana macho. Maswali yao mawili, la vumbi na la kushuka, yana jibu moja, nalo liko kwenye kitu ambacho ramani ya ukutani haikionyeshi: mwinuko. Nchi ya Waisraeli wa kale ni ndogo, lakini inapanda na kuporomoka kupita kiasi. Ukiisoma kutoka kaskazini kwenda kusini kama tulivyozoea, itakuchanganya. Isome kutoka magharibi kwenda mashariki, ukianzia baharini, na kila hatua ujiulize: hapa niko mita ngapi?

Udogo wake wengi hawaujui. “Toka Dani mpaka Beer-sheba”, maneno ambayo Biblia huyatumia ikitaka kusema nchi nzima, ni kama kilomita 240, pungufu ya safari ya basi kutoka kwenu mpaka Dar. Upana wake, kutoka Bahari ya Kati mpaka mto Yordani na Bahari ya Chumvi, ni kilomita 50 hivi kaskazini na 80 hivi kusini. Pembeni mwa kipande hicho, upande wa kaskazini, umesimama mlima Hermoni wenye mita 2,814 na theluji kila mwaka. Upande wa mashariki wa kipande hicho kuna ufuko wa Bahari ya Chumvi, zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, ambako ndiko chini kuliko nchi kavu yoyote duniani.

Anzia ufukweni. Uwanda wa pwani ni tambarare yenye rutuba, na kusini yake ndiko walikokaa Wafilisti: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi. Kusini ya mlima Karmeli pwani imenyooka, haina ghuba za kuhifadhi meli, kwa hiyo Waisraeli hawakuwa watu wa bahari kama majirani zao wa Tiro na Sidoni. Hapo ilipita njia kuu ya kutoka Misri kwenda Dameski. Ilikata kuelekea bara kwenye upenyo wa Megido na kutokea Bonde la Yezreeli, na kila jeshi kubwa liliutaka upenyo huo. Thutmose III wa Misri alipigana hapo katika karne ya 15 KK, na mfalme Yosia aliuawa hapohapo mwaka 609 KK.

Ukipanda kidogo unaingia Shefela, vilima vya chini vilivyo kati ya tambarare na milima. Vijana wako wanaijua bila kujua jina lake, maana Bonde la Ela liko huku. Wasomee tena 1 Samweli 17 wakiwa na ramani mkononi: Wafilisti wanapanda kutoka pwani na kupiga kambi kati ya Soko na Azeka, Sauli anashuka kutoka milimani kuwazuia. Anayelishika bonde lile ameushika mlango wa kwendea Bethlehemu. Goliathi hakuwa amepotea njia. Miaka mingi baadaye Senakeribu wa Ashuru aliingia kwa upande huohuo, akauzingira mji wa Lakishi mwaka 701 KK, kisha akaagiza picha za vita hiyo zichongwe kwenye kuta za jumba lake la Ninawi.

Sasa milima yenyewe: ya Yuda kusini, ya Efraimu katikati, na ng'ambo ya Yezreeli ile ya Galilaya. Hapa ndipo Waisraeli walipokuwa nyumbani. Wanaakiolojia wamekuta mabaki ya mamia ya vijiji vidogo vilivyochipuka juu ya milima hii kuanzia miaka ya 1200 KK, na jiwe la Farao Merneptah, la mwaka 1208 KK hivi, ndilo andiko la kwanza nje ya Biblia linalotaja Israeli. Kwa nini wakae kwenye miamba na kuiacha tambarare? Waamuzi 1:19 inajibu bila kuona haya: Yuda waliitwaa milima, lakini hawakuweza kuwafukuza watu wa bondeni kwa kuwa hao walikuwa na magari ya chuma. Gari la farasi ni balaa uwandani, ila kwenye mteremko wa mawe linageuka mzigo kwa mwenye nalo. Washami nao waliliona hilo, wakashauriana kwamba mungu wa Israeli ni wa milimani, basi wakapigane nao nchi tambarare (1 Wafalme 20:23).

Simama Yerusalemu, mita 750 na ushei juu ya usawa wa bahari, utazame mashariki. Yeriko iko kilomita 25 tu kutoka hapo, nayo iko mita 250 hivi chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi alikuwa akiteremka mita 1,000 kwa safari ya siku moja. Barabara ya aina hiyo unayo mlangoni kwako: ile ya kutoka Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo. Unaondoka kwenye baridi na mashamba ya mboga, kona baada ya kona, masikio yanaziba, unatokea kwenye joto na mkonge, na umeshuka mita 1,000 hivi. Wapeleke vijana pale Mombo, wainue macho kuelekea Lushoto, hilo swali halitarudi. Ramani huweka kaskazini upande wa juu wa karatasi kwa mazoea ya wachora ramani tu. Waandishi wa Biblia walihesabu kupanda na kushuka kwa magoti yao, na ndiyo maana hata mtu wa Galilaya, aliye kaskazini, “hupanda” kwenda Yerusalemu.

Mlima huohuo ndio unaogawa mvua. Mvua yote ya maana ya nchi ile hutoka magharibi, Bahari ya Kati. Upepo wenye mvuke ukigonga milima hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa huachia maji. Ukishavuka kilele huporomoka kuelekea Bahari ya Chumvi, unapata joto, na hewa yenye joto haimwagi mvua, bali hunyonya hata unyevu uliopo. Hivyo Yerusalemu hupata wastani wa milimita 550 hivi kwa mwaka, Yeriko 150 hivi, na ufuko wa Bahari ya Chumvi chini ya 100. Zote hizo ndani ya mwendo wa siku moja kwa mguu! Kwenu Usambara kazi ni ileile, ila mvua inatoka mashariki, Bahari ya Hindi, na wanaokosa ni Mkomazi. Watu wa kale waliujua mfumo huu vizuri. Mtumishi wa Eliya juu ya Karmeli aliona wingu dogo likitoka baharini, na katika Luka 12:54 Yesu anawaambia makutano kwamba wakiona wingu likizuka magharibi husema mara moja kuwa mvua inakuja.

Jiwe nalo lina sehemu yake. Milima ya Yuda na Efraimu ni ya mawe magumu ya chokaa yenye nyufa. Yakimomonyoka huacha udongo mwekundu mzuri, na maji ya mvua huzama ndani na kutokea chini kama chemchemi. Yeriko inaishi kwa chemchemi, En-gedi vilevile, na Yerusalemu ya Daudi ilikuwa pale ilipo kwa sababu ya chemchemi ya Gihoni. Upande wa jangwa la Yuda jiwe ni jingine, laini na jeupe kama chaki. Halinyonyi maji na halitoi udongo wa maana, kwa hiyo hata mvua kidogo inayofika huteremka kwenye makorongo na kupotea. Kwa sababu hiyo mpaka kati ya shamba na jangwa ni mkali kiasi kwamba ukitoka Bethlehemu kwenda mashariki unauona kwa macho.

Ukivuka Yordani, upepo unapanda tena na mvua inarudi. Gileadi ilikuwa na misitu, Bashani ilisifika kwa ng'ombe wanono, na Wareubeni na Wagadi waliomba wabaki ng'ambo kwa ajili ya mifugo yao (Hesabu 32). Naomi naye alikimbilia Moabu wakati Bethlehemu ina njaa, jambo ambalo mtu anayedhani mashariki yote ni jangwa hawezi kulielewa. Kusini, Negebu, mvua inapungua: Beer-sheba hupata milimita 200 hivi, kwenye ukingo kabisa wa kilimo cha kutegemea mbingu. Mwaka mzuri unavuna, mwaka mbaya unafuga na kugombania visima. Isome Mwanzo 26 kwa jicho hilo, yote mawili yamo.

Tuje kwenye masika na vuli. Hapa nakusahihisha, ingawa kosa si lako, maana maneno hayo yako kwenye Biblia yetu na kila msomaji wa hapa huyachukua kwa kalenda ya kwao. Sisi tuna misimu miwili kwa sababu ukanda wa mvua unaofuata jua hupita juu yetu mara mbili kwa mwaka. Kule haufiki kabisa. Wao wana msimu mmoja wa mvua, nao ni wakati wa baridi: huanza Oktoba au Novemba, hukolea Desemba mpaka Februari, hufifia Machi na Aprili. Kuanzia Juni mpaka Septemba mgandamizo mkubwa wa hewa huziba njia ya mawingu na hainyeshi, hata tone. Mvua hizo mbili za kwenye Kumbukumbu 11:14 ni mwanzo na mwisho wa msimu huo mmoja. Ya kwanza hulainisha ardhi iliyokauka kama tofali ili jembe liingie. Ya mwisho hujaza punje kabla ya mavuno. Ya kwanza ikichelewa hupandi, na ya mwisho ikikosa unavuna makapi. Ndipo utaona kwa nini watu walitetemeka Samweli alipoomba mvua wakati wa mavuno ya ngano (1 Samweli 12). Ngano huvunwa Mei na Juni, na mvua ya wakati huo kule ni kitu cha kutisha.

Kuna kipande cha jiwe la chokaa kilichopatikana Gezeri mwaka 1908, kidogo cha kutosha kwenye kiganja, urefu wake sentimita 11 hivi, ambacho ningependa kila mwalimu wa Agano la Kale awe na picha yake. Ni cha karne ya 10 KK, na mtu amekwaruza juu yake mwaka mzima wa mkulima: miezi miwili ya kukusanya mazao, miwili ya kupanda, miwili ya kupanda kwa kuchelewa, mmoja wa kukata kitani, mmoja wa kuvuna shayiri, mmoja wa kuvuna na kupima, miwili ya mizabibu, mmoja wa matunda ya kiangazi. Jumla kumi na miwili. Kupanda kunakuja mvua inapoanza, na mavuno ya nafaka yanafuata inapokatika. Inawezekana ni zoezi la mwanafunzi wa kuandika, na kama ndivyo, mwalimu wake alifanya kazi nzuri.

Sasa lile jibu la laana liache. Theolojia ya dhambi na nchi kaa na mchungaji wako mzungumze, mimi nasema habari ya ardhi. Sehemu kubwa ya vumbi unaloliona kwenye video ilikuwa vumbi hata siku za Daudi. Alipomkimbia Sauli alijificha En-gedi kwa sababu kulikuwa nyika, na Yohana Mbatizaji alihubiri katika jangwa la Uyahudi, lililokuwa likiitwa jangwa tayari. Video nyingi za mahujaji zimepigwa njia ya Yeriko, Qumran na Masada, yaani upande wa nyuma wa mlima, tena nyingi zimepigwa katikati ya kiangazi. Piga picha Galilaya mwezi wa Machi, utaona majani mpaka magotini na maua mekundu kila mahali.

Lakini si kweli pia kwamba hakuna kilichobadilika. Milima ilikuwa na misitu ya mialoni. Katika Yoshua 17 wana wa Yusufu wanaambiwa wakaifyeke. Walifyeka, na vizazi vilivyofuata vikaendelea. Mahali miti ilipoondoka walijenga matuta ya ngazi kwa mawe ili kuushika udongo, wakapanda mizeituni, mizabibu na mitini, wakachonga visima vya kuhifadhi maji ya mvua ndani ya mwamba na kuvipiga lipu ya chokaa. Vita ikija na watu wakihama, tuta lisilotunzwa hubomoka, udongo ukaenda na maji, likabaki jiwe. Hali ya hewa nayo imekuwa ikipanda na kushuka. Chavua ya mimea iliyochimbuliwa chini ya Bahari ya Galilaya inaonyesha ukame mkali kati ya miaka ya 1250 na 1100 KK hivi, kisha mvua zikarudi. Ni mabadiliko ya kwenda na kurudi. Bustani moja kubwa iliyogeuka jangwa haikuwahi kuwepo.

Na maziwa na asali? Maziwa ni ya mbuzi na kondoo, na mbuzi hustawi hasa kwenye zile pembe kavu ambazo kijana wako anaziona hazifai. Asali wengi wetu tulifundishwa kuwa ni ya tende tu. Mwaka 2007 ikatangazwa kwamba wachimbaji wa Tel Rehov, katika Bonde la Yordani, wamekuta mizinga ya nyuki 30 hivi ya wakati wa wafalme wa Israeli: mitungi mirefu ya udongo uliochanganywa na majani makavu, imelazwa kwa safu, upande mmoja tundu dogo la nyuki kupita, upande wa pili kifuniko cha mrina asali. Kwa hiyo asali ya nyuki ilikuwepo, tena kwa kiasi cha biashara. Hata hivyo usiwaambie vijana kwamba chakula kilikuwa kinaanguka chenyewe. Kumbukumbu 11 inailinganisha nchi hiyo na Misri waziwazi: kule unamwagilia kama bustani ya mboga, huku unangoja mbingu. Abrahamu, Isaka na Yakobo wote walipatwa na njaa ndani ya nchi hiyohiyo ya ahadi.

Kuhusu Bonde la Ufa, una nusu ya kweli. Ni kweli kwamba mabonde haya yameungana: kutoka Yordani unashuka Araba mpaka Ghuba ya Akaba, Bahari ya Shamu, Afar ya Ethiopia, hadi kwetu. Vitabu vya zamani viliyaita yote ufa mmoja kutoka Syria mpaka Msumbiji. Lakini kinachofanyika ardhini si kimoja. Kwetu Afrika inachanika, pande mbili zinaachana. Yordani pande mbili zinasuguana: bamba la Arabuni, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linateleza kwenda kaskazini kandokando ya jirani yake, milimita chache kwa mwaka, na tangu lianze limeshasogea kilomita 105 hivi. Mahali mstari wa ufa ulipopinda pakafunguka shimo, na Bahari ya Chumvi imelala ndani ya shimo hilo. Msuguano huo ndio chanzo cha matetemeko, lile linalotajwa katika Amosi 1:1 na lile la Julai 1927. Bahari yenyewe haina mahali pa kutokea, maji hupotea kwa jua tu, chumvi inabaki: zaidi ya gramu 300 kwa lita, ambapo bahari ya kawaida ina 35. Na inakauka, inashuka kama mita moja kila mwaka, kwa sababu maji ya Yordani yanachukuliwa kabla hayajafika na viwanda vya madini vinayavukiza mengine.

Mahujaji wako sasa. Februari ni katikati ya msimu wa mvua. Yerusalemu mchana ni nyuzi 13 hivi, usiku 6 au 7, na kuna miaka theluji huanguka. Ezra 10:9 inawataja watu waliokuwa wakitetemeka kwa mvua uwanjani. Basi wabebe koti zito, viatu visivyoteleza na mwavuli. Siku hiyohiyo mkishuka Yeriko mtavua makoti, kwa hiyo wavae nguo za kupachika juu ya nyingine. Wazee wenye shinikizo la damu, moyo au figo wamwone daktari wao kabla ya safari, wamwambie kabisa kwamba watapanda ngazi nyingi na wanataka kuingia Bahari ya Chumvi. Wakiingia, walale chali, wasiogelee wala kujigeuza kifudifudi, maana mwili huelea mpaka ukashindwa kujirudisha, na maji hayo yakimezwa yanadhuru. Mwenye kidonda akae nje. Yerusalemu, Bethlehemu na Yeriko ziko karibukaribu, lakini leo njia zinapita vizuizi kati ya Israeli na Palestina, na hali ya usalama inaweza kugeuka ndani ya wiki. Kabla ya kulipa fedha zisizorudishwa, pigieni simu Wizara ya Mambo ya Nje au ubalozi wetu ulioko Tel Aviv.

Chukueni kiongozi wa watalii mwenye leseni, na kwenye habari ya makorongo ya jangwa la Yuda mumsikilize yeye kuliko ratiba. Mvua ikinyesha milimani maji huteremka kule kwa kasi saa chache baadaye, na yameshaua watu. Kama usiku Yerusalemu imenyesha, siku hiyo msiingie korongoni, hata kama juu ya Bahari ya Chumvi jua linawaka.